Joginder Singh: Fundi Aliyeishinda Safari Mara Tatu

Pasaka ya mwaka 1965, gari lililobandikwa namba 1 katika mbio za East African Safari lilikuwa Volvo PV544, gari la mgongo wa mviringo ambalo kiwanda chake huko Sweden kilikuwa kinaacha kuliunda mwaka huohuo. Halikuwa jipya. Lilikuwa limeletwa Afrika Mashariki kwa mbio za mwaka uliotangulia, barabara zikalikomesha, likabaki. Waliolifufua ni ndugu wawili wa Nairobi, Joginder Singh na Jaswant Singh, watoto waliokulia kwenye gereji. Joginder alishika usukani, Jaswant akaketi kando yake na ramani. Mbio zilipokwisha, gari hilo la mitumba lilikuwa limewaacha waliolifuata kwa takriban saa moja na dakika 40.

Mbio hizo leo makao yake ni Naivasha. Tangu zirejee kwenye Mashindano ya Dunia ya mbio za magari (WRC) mwaka 2021, kila mwaka mji wetu hujaa wageni, hoteli za kando ya ziwa hukosa nafasi, na vijana hulala nje huko Kedong na Soysambu ili wapate pa kusimama alfajiri. Wanayataja majina ya Sébastien Ogier, Kalle Rovanperä na Elfyn Evans kama wanavyotaja wachezaji wa soka. Ni vizuri. Lakini Bonde la Ufa lina mtoto wake aliyewashinda wakubwa wa dunia kwenye mashindano haya haya, tena zaidi ya mara moja, na habari zake zinastahili kusimuliwa hapa kuliko mahali pengine popote. Joginder alikuwa fundi kabla hajawa dereva. Humo ndimo ulimokuwa ushindi wake, na humo mna somo ambalo Kenya haijalifanyia kazi bado.

Mtoto wa Kericho

Joginder Singh alizaliwa Kericho tarehe 9 Februari 1932, upande wa pili wa milima ya Mau tunayoiona kutoka Naivasha jua linapotua. Alikuwa kifungua mimba katika familia ya watoto kumi. Baba yake, Sardar Battan Singh, alitoka Punjab akaja Kenya miaka ya 1920, wakati jumuiya ya Kalasinga ilikuwa tayari imejijengea jina katika nchi hii. Wenzao wa awali walikuja na reli. Kati ya 1896 na 1901, reli ilipojengwa kutoka Mombasa hadi ziwani Kisumu kupitia Naivasha na Nakuru, maseremala, wahunzi na mafundi wa Kipunjabi walikuwa miongoni mwa waliofanya kazi ngumu kabisa. Reli ilipokamilika, wengi walibaki. Wakafungua karakana, wakajenga nyumba, wakatengeneza mashine za kusaga na matrekta ya wakulima. Mji gani wa Kenya wa wakati huo ulikosa fundi Kalasinga?

Joginder alikulia katika ulimwengu huo wa chuma na grisi. Alisoma Nairobi, kisha akaingia kwenye kazi ya ufundi kama mwanafunzi yeyote wa gereji anavyoingia: kupokea spana, kuosha vipuri kwa petroli, kulala chini ya gari huku mafuta machafu yakimdondokea. Akiwa kijana tayari alikuwa anaweza kusikiliza injini na kusema ugonjwa wake ulipo kabla ya kuifungua.

Mwaka 1958 alipata kazi iliyomfaa kuliko chuo chochote cha udereva. Chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki kilimwajiri kuwa askari wake wa kwanza wa doria barabarani. Kazi yake ilikuwa kuwafikia wenye magari yaliyokwama na kuyaondoa hapo yalipo. Kazi hiyo inampa mtu elimu ya namna mbili. Anajifunza barabara: mahali penye mfinyanzi unaonata, daraja linalofunikwa na maji mvua ikinyesha juu, kona inayodanganya. Na anajifunza jinsi magari yanavyokufa: springi ipi hukatika kwanza, bomba lipi la mafuta hutobolewa na jiwe, rejeta ipi huchemka mlimani. Dereva wa kawaida huyaona mambo hayo mara chache maishani, na huyaona akiwa amekata tamaa. Joginder aliyaona kazini, akilipwa kuyatatua.

Mbio zenyewe zilikuwa nini

Ili mtu ajue Joginder alifanya jambo la ukubwa gani, ni lazima kwanza aelewe Safari ya zamani, kwa sababu inatofautiana sana na tunayoiona sasa.

Ilianza mwaka 1953, ikiitwa Coronation Safari, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Mwanzilishi wake mkuu, Eric Cecil, hakupendezwa na mbio za kuzunguka uwanjani. Alitaka magari yatoke yaende nchi nzima na kurudi. Yalikuwa magari ya dukani, na mwanzoni yaliwekwa katika makundi kulingana na bei yake ya kuuzia, ili mwananchi aone gari la fedha zake linaweza nini. Mwaka 1960 jina likawa East African Safari. Njia ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na urefu wake ukawa takriban kilomita 5,000, zikimalizwa kwa siku chache za Pasaka.

Pasaka ilichaguliwa kwa sababu yake. Huo ndio wakati masika yanapoanza. Gari lingeondoka kwenye vumbi la Athi na baada ya saa kadhaa likawa linaogelea kwenye udongo mweusi. Barabara hazikufungwa. Lori la mahindi, basi la abiria, ng'ombe wa Mmaasai na gari la mashindano vyote vilikutana kwenye njia moja. Kutoka kituo kimoja cha ukaguzi hadi kingine dereva alipewa muda, na kila dakika aliyochelewa ilikuwa adhabu. Usiku ulipoingia, mbio hazikusimama.

Matokeo yake yalikuwa ya kutisha. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka zaidi ya 90, na safari hiyo pia yakamaliza 7. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki, akisomewa ramani na Paddy Cliff, wakiwa katika Peugeot 404. Kuna madereva wa Ulaya waliokuwa wafalme kwao, wakaja Safari mwaka baada ya mwaka wakarudi mikono mitupu. Walikuwa wepesi kuliko wenyeji, hilo halina ubishi. Lakini mbio hizi hazikumpa tuzo aliye mwepesi. Zilimpa aliyefika.

Joginder alijitosa katika Safari mwaka 1959, akiwa na miaka 27. Hadi alipostaafu mwaka 1980 alikuwa amezishiriki mara 22, akamaliza mara 19. Tarakimu hizo mbili ndizo zinazomweleza mtu huyu kuliko vikombe vyake vyote. Katika mashindano ambayo kumaliza kulikuwa bahati ya wachache, yeye alimaliza zaidi ya mara nane katika kila kumi.

Ushindi wa 1965

Turudi kwenye ile Volvo. PV544 ilikuwa gari zito, la magurudumu ya nyuma kusukuma, lenye injini ya lita 1.8. Umbo lake lilikuwa la miaka ya 1940. Mtu asiyejua magari angeliona gari la kizee. Fundi aliona kitu kingine: bodi nene iliyounganishwa kwa uimara, injini isiyolalamika, na mitambo rahisi ambayo mtu anaweza kuifungua porini kwa spana chache na kuirudisha.

Ndugu hao wawili walilifungua lote, wakakagua kila kiungo, wakaimarisha palipokuwa pameonyesha udhaifu mwaka uliopita. Hapa ndipo gari kuukuu linapompa fundi faida ambayo gari jipya haliwezi. Gari jipya linaficha udhaifu wake. Gari lililokwishapigwa na barabara za Safari linaonyesha lenyewe mahali linapopasuka, na anayejua kutazama hupata ramani ya matatizo yanayomngoja.

Namba 1 nayo ilikuwa na mazuri na mabaya yake. Anayetangulia hali vumbi la mtu, na matope anayakuta kabla hayajachimbwa na wenzake. Lakini pia hana nyayo za kufuata. Akifika kwenye mto uliofurika, ni yeye wa kwanza kuamua kama unapitika. Joginder, mtu wa doria, alikuwa ameamua mambo ya aina hiyo kwa miaka kazini.

Waliporudi Nairobi wakiwa washindi, jambo lilikuwa kubwa kuliko michezo. Kenya ilikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi kadhaa tangu uhuru. Safari ilizaliwa kama mchezo wa walowezi, na majina kwenye vikombe vyake yalikuwa yao. Sasa kikombe kilikuwa mikononi mwa watu wawili wenye vilemba, waliozaliwa hapa, ambao mikono yao ilikuwa na alama za kazi. Umati uliwapokea kama watoto wake. Wakenya wakampa Joginder jina la Simba, naye akawa Simba wa Kenya. Wazungu walimwita Kalasinga Anayeruka.

Tuukumbuke pia wakati wenyewe. Miaka michache tu baadaye, Waasia wengi wa Kenya walijikuta katika hofu. Sheria za uraia na vibali vya kazi zilibana, na mapema mwaka 1968 maelfu walipanda ndege kwenda Uingereza kabla ya mlango wa huko kufungwa. Nchi ilikuwa inajiuliza nani ni Mkenya. Katika siku hizo hizo, kijana wa Kiafrika aliyesimama kando ya barabara Nakuru au Kisumu alimshangilia Joginder bila kumuuliza pasipoti. Michezo haikuondoa ubaguzi wala kuponya majeraha ya kisiasa, lakini ilionyesha kwamba watu wa kawaida walikuwa na jibu lao.

Miaka ya viwanda vikubwa

Baada ya 1965 Safari ilibadilika. Viwanda vya magari viligundua kwamba kushinda hapa ni tangazo lisilopatikana kwa pesa: gari lililopita Safari, nani atalitilia shaka? Ford, Peugeot, Datsun, Porsche na Lancia zikaanza kuleta mafundi kwa ndege, vipuri kwa makontena, na madereva wa kulipwa. Mwaka 1970 Joginder alimaliza wa pili katika Datsun, nyuma ya Edgar Herrmann aliyekuwa katika gari la aina hiyo hiyo. Mwaka 1972 ukuta uliowazuia wageni ulianguka: Hannu Mikkola wa Finland na msoma ramani wake Gunnar Palm walishinda katika Ford Escort, wakawa wa kwanza kutoka ng'ambo kufanya hivyo.

Mwaka uliofuata Mashindano ya Dunia yalianzishwa rasmi na Safari ikawa mojawapo ya mbio zake. Mshindi alikuwa mtu mwingine wa Afrika Mashariki, Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, aliyekuwa ametoka Uganda Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972. Mehta na Harry Källström wa Sweden walimaliza na adhabu sawasawa, wote katika Datsun. Ushindi ukapewa Mehta kwa sababu alikuwa ameenda mbali zaidi bila kuadhibiwa. Baadaye angeshinda tena mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, na jumla yake ya ushindi mara tano haijafikiwa na yeyote katika miaka ambayo Safari imekuwa sehemu ya Mashindano ya Dunia.

Kuanzia 1974 mbio zilibaki ndani ya mipaka ya Kenya. Joginder alikuwa na miaka 42, umri ambao madereva wengi tayari wamekaa pembeni. Alikuja na gari ambalo wachache walilitazama mara mbili: Mitsubishi Colt Lancer 1600 GSR, gari dogo la injini ya lita 1.6. Msoma ramani wake alikuwa David Doig. Upande wa pili alikuwepo Björn Waldegård wa Sweden katika Porsche 911 yenye injini ya lita 2.7, na Sandro Munari wa Italia katika Lancia Fulvia. Mvua ilinyesha vibaya mwaka huo, na barabara zikawa mito.

Katika matope, nguvu nyingi ni mzigo. Gurudumu lenye nguvu kubwa huchimba shimo lake lenyewe na kujizika. Linalofaa ni gari jepesi na mguu mpole: gia iliyochaguliwa kabla ya kuingia topeni, mwendo usiobadilika, na ujasiri wa kutokanyaga breki. Joginder alilipitisha gari lake dogo mahali ambapo makubwa yalivutwa kwa kamba. Alishinda. Waldegård alikuwa wa pili, Munari wa tatu. Kwa Mitsubishi huo ulikuwa ushindi wa kwanza kabisa katika Mashindano ya Dunia. Kampuni ambayo miaka ya 1990 ingetamba duniani na Lancer za Tommi Mäkinen ilipewa ushindi wake wa kwanza na fundi wa Kericho.

Mwaka 1975 Ove Andersson alishinda katika Peugeot 504. Mwaka 1976 Joginder na Doig wakarudi na Lancer ile ile ya 1600 GSR, na safari hii hawakuwa peke yao. Robin Ulyate alimaliza wa pili na Andrew Cowan wa tatu, wote katika Lancer. Nafasi zote tatu za juu zikawa za gari moja dogo. Joginder akawa mtu wa kwanza kushinda Safari mara tatu, miaka 11 baada ya ushindi wake wa kwanza, katika magari ya viwanda viwili tofauti, na wasoma ramani wawili tofauti. Kilichokuwa kile kile ni yeye.

Vumbi la Naivasha

Safari ilidumu katika Mashindano ya Dunia hadi 2002, Colin McRae aliposhinda katika Ford Focus. Kisha ikaondolewa, fedha na maandalizi vikiwa vimeyumba. Ilibaki mashindano ya Afrika kwa karibu miaka 20. Ilipokubaliwa kurudi mwaka 2020, korona ikaifuta. Ndipo Juni 2021 ikatua Naivasha.

Si bure kwamba Naivasha ilichaguliwa. Sheria za leo zinataka barabara zifungwe, na hapa kuna mashamba makubwa na hifadhi zenye njia za ndani: Loldia, Oserian, Kedong, Soysambu, Hell's Gate. Uwanja wa matengenezo uliwekwa katika Taasisi ya Utafiti na Mafunzo ya Wanyamapori. Njia ya mashindano yenyewe sasa ni fupi: mwaka 2021 ilikuwa mikondo 18 yenye jumla ya kilomita 320 hivi. Ukilinganisha na kilomita 5,000 za kina Joginder, mtu anaweza kusema Safari ya leo ni ya watoto.

Atakayesema hivyo hajakanyaga Kedong. Ardhi ya huko, kati ya Longonot na Suswa, imetokana na majivu ya volkano. Magari machache yakipita, uso wake huvunjika na kuwa vumbi laini kama unga, lenye kina cha kumeza kiatu. Juu linaonekana tambarare, chini limeficha jiwe. Gari likiingia kwa kasi, vumbi hupanda juu ya kioo kama maji, dereva hupofuka, injini inatafuta hewa na kuvuta unga. Ndiyo maana magari huja hapa yamefungwa mabomba ya kuvuta hewa kutoka juu ya paa, kitu kisichohitajika katika mbio nyingine nyingi za dunia. Mwaka 2021 Kalle Rovanperä, kijana ambaye mwaka uliofuata angekuwa bingwa wa dunia, alizama Kedong na gari lake likakaa hapo. Thierry Neuville wa Ubelgiji aliingia siku ya mwisho akiongoza kwa karibu dakika moja. Katika mkondo wa Loldia gari lake likaumia upande wa nyuma, na mbio zake zikaishia hapo. Ogier, aliyekuwa amepata matatizo siku ya kwanza, alishinda kwa sekunde 21.8 mbele ya Takamoto Katsuta wa Japani. Ardhi ilikuwa imewachuja waliokuwa wepesi na kumbakiza aliyefika, kama ilivyokuwa desturi yake.

Kuna kanuni moja ya mashindano ya sasa ambayo watazamaji wengi hawaijui, nayo inamrudisha Joginder katikati ya habari hii. Nje ya uwanja wa matengenezo, hakuna fundi wa timu anayeruhusiwa kuligusa gari. Dereva na msoma ramani wake pekee ndio wanaoweza kulitengeneza, kwa vifaa na vipuri walivyobeba humo ndani. Timu ina mabilioni, ina wahandisi na kompyuta, lakini mkono wa kiungo cha gurudumu ukivunjika huko Elmenteita, ni watu wawili, jeki moja na mfuko wa spana kando ya barabara, saa inahesabu. Anayetaka kuyaona haya aache kidogo kusimama kwenye kona za mkondo, asogee kwenye barabara ya kawaida inayounganisha mikondo. Huko atamkuta bingwa wa dunia amelala chali kwenye majani, mikono myeusi kwa grisi, akifunga nati huku mwenzake akisoma dakika zilizobaki. Wakati huo bingwa anafanya kazi aliyoifanya Joginder mwaka 1958.

Nani atamrithi

Baada ya Mehta, Mkenya aliyeshinda Safari kabla haijaondoka kwenye Mashindano ya Dunia alikuwa mmoja tu: Ian Duncan, mwaka 1994, katika Toyota Celica. Mwaka huo huo Patrick Njiru alimaliza wa nne katika Subaru Impreza. Mwaka uliotangulia alikuwa amefika wa 12 katika Subaru Vivio, kigari ambacho wengi hawangethubutu kukipeleka sokoni Mai Mahiu siku ya mvua. Njiru aliwaonyesha Wakenya Waafrika kwamba usukani huu si wa jamii fulani. Jambo hilo lilichelewa kupita kiasi, na sababu yake kubwa ilikuwa fedha.

Fedha bado ni mlima. Gari la daraja la juu linaloletwa Naivasha linagharimu kiasi ambacho hakuna dereva wa Kenya anayeweza kukibeba peke yake. Ndiyo sababu mwaka 2021 Wakenya waliofanya vizuri zaidi, Onkar Rai, Karan Patel na Carl Tundo, walimaliza wa saba, wa nane na wa tisa katika magari ya daraja la chini. Wala si aibu: nyuma yao, katika nafasi ya kumi, alikuwepo Elfyn Evans wa timu ya Toyota, aliyepata ajali na kurudi. Wenyeji walijua kufika.

Zipo juhudi za kweli. Kupitia mpango wa kukuza vipaji wa shirikisho la magari la dunia, vijana kama McRae Kimathi, Hamza Anwar na Jeremiah Wahome walipewa magari ya Ford Fiesta. Februari 2022 Kimathi alishindana kwenye theluji ya Sweden, Mkenya wa kwanza kufanya hivyo katika Mashindano ya Dunia. Mwaka huo huo Maxine Wahome alishinda daraja la WRC3 hapa Naivasha. Haya ni matunda ya kupongezwa.

Lakini mipango hiyo yote inaanzia kwenye usukani. Inatafuta kijana mwenye kasi, ambaye mara nyingi ni kijana ambaye familia yake ilimudu kumnunulia gari la mashindano akiwa mdogo. Maisha ya Joginder yanaonyesha mlango mwingine. Katika gereji za jua kali za Naivasha, Gilgil na Nakuru kuna vijana wanaofufua matatu zilizokata tamaa, wanaochomelea chasisi za malori ya maua, wanaojua kwa kugusa tu kwamba beringi imekwisha. Katika vyuo vya ufundi vya kaunti wapo wengine wanaosomea mitambo bila kuona inawapeleka wapi. Kila mwaka mbio zinakuja mlangoni kwao, na wao wanabaki upande wa pili wa uzio.

Kaunti ya Nakuru na waandaaji wa Safari wanaweza kubadilisha hilo bila kusubiri mfadhili wa ng'ambo. Wawaingize mafundi hao uwanja wa matengenezo kama wanafunzi. Wawape timu za Kenya mafundi wa Kenya waliofunzwa kwa kiwango cha dunia. Waanzishe daraja la magari ya kawaida, yaliyotengenezwa na gereji za wenyeji, lishindane kwenye njia hizi hizi za vumbi, kama Eric Cecil alivyokusudia mwaka 1953. Kati ya mafundi hao watatoka wasoma ramani, na kati ya wasoma ramani watatoka madereva.

Joginder Singh alifariki London tarehe 20 Oktoba 2013, akiwa na miaka 81. Kenya ilimlilia kwa haki. Kumuenzi kwa sanamu au kwa jina la barabara ni jambo jema, lakini yeye mwenyewe alituachia kipimo kilicho bora zaidi: mara 22 aliondoka, mara 19 alifika, na gari lake alilijua ndani na nje. Mrithi wa mtu wa namna hiyo yupo. Tumtafute kwenye gereji, tusiishie kumtafuta kwenye klabu ya magari, kisha tumpe usukani.